Mazishi ya Nafula kwenye Simu

Awinja alizima sauti ya simu, akaiegemeza kwenye chupa ya chai, akakunja mikono.

"Mbona umezima?" Chepkorir aliuliza. "Sasa tutamsikiaje mhubiri?"

"Inasema kila kitu mara mbili. Kichwa kinaniuma."

Chepkorir alivuta kiti karibu. Walikuwa majirani wa Likuyani, shamba kwa shamba, tangu watoto wao wakinyonya, na alijua siku za kubishana na siku za kunyamaza.

Kwenye kioo lilionekana hema jeupe, kisha watu, kisha jeneza la Nafula, dada yake Awinja. Nyuma ya hema miwa ilisimama kama ukuta. Musanda ndiko Nafula alikoolewa, na Musanda ndiko alikokuwa akizikwa. Mpiga picha alikuwa amekodiwa ili walio mbali nao waone. Salamu zao zilipanda moja moja chini ya picha. Poleni kutoka Eldoret. Poleni kutoka Doha. Chakula ni saa ngapi?

"Huyu wa Doha anaulizia ugali wa matanga!" Chepkorir alisema. "Hata aibu hana. Ngoja nasi tuandike, tunatazama kutoka..."

"Usiandike."

Awinja hakuwa amelia. Tangu alipopigiwa habari ile, moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii kitu. Watu walimpa pole, akasema asante. Walimpa chakula, akala.

Simu yake na ya Nafula zilikuwa za aina moja. Makhanu, mwanawe Awinja, ndiye aliyewanunulia, akasema hataki kusikia nani amependelewa. Nafula hakujua kugeuza kamera. Kila alipotoka nyumbani alituma picha za njiani, na kila picha ilikuwa ya kidevu chake mwenyewe. Kidevu sokoni Mumias. Kidevu stendi ya Kakamega, na kipande cha bodaboda pembeni. Awinja alijibu vilevile siku zote: "Nimekuona. Endelea." Hakuna kati yao aliyekwenda popote bila kumuaga mwenzake, hata kama ni kusaga mahindi tu.

Halafu Nafula akapelekwa hospitali. Alituma kidevu, na nyuma yake dari nyeupe. Awinja akajibu. Baada ya hapo hakikuja kitu. Kwa mara ya kwanza maishani, Nafula alikuwa ameondoka bila kuagana naye.

Ndiyo maana leo Awinja alitaka jambo moja tu: wanaomzika dada yake wasimshushe kaburini kabla hajamuaga.

"Ile picha iliyo juu ya jeneza," Chepkorir alisema, "ningekutana nayo barabarani ningeisalimia, Mama Makhanu habari ya asubuhi."

"Walikuwanga wanakosea wengi."

"Na huyu wa kofia, anayeamrisha mpaka mbuzi?"

"Isaiah. Shemeji yake Nafula. Ndiye aliyesema nisifike kaburini."

"Bado siwaelewi. Kwani mlikosana?"

"Hatujawahi."

"Na wewe ukakubali hivyo tu?"

"Mguu huu mbovu nitashindana naye nao?" Awinja alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Chepkorir alipiga funda la chai. Akakunja uso. "Hii nayo ni chai, ama ni sukari imeonyeshwa majani?"

Mdomo wa Awinja ulisogea kidogo, kisha ukarudi mahali pake.

Kwenye simu wanaume sita walisogea, wakapitisha kamba chini ya jeneza. Picha ikakwama. Kamba mikononi, midomo wazi, mtoto mmoja amejikuna nusu. Kiduara kikazunguka katikati ya kioo.

"Isikwame sasa," Awinja alisema, akagonga kioo kwa kidole. "Jamani, si sasa."

"Usiigonge, utaifunga kabisa. Iache ivute pumzi."

Picha ikarudi. Wanaume walikuwa wameinua jeneza. Isaiah alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, mdomo umefungwa.

Lakini sauti yake ilifika wazi kutoka nje.

"Nafula hakuzaliwa peke yake," Isaiah alisema. "Mila ya nyumba hii, pacha haoni kaburi la mwenzake, na mimi ndiye niliyekataa, mnilaumu mimi. Ila mtu asije akasema kwamba Awinja hakuja. Shemeji, kama unanisikia, muage mwenzako. Tunakungoja."

Chepkorir aliweka kikombe chini bila kukigonga.

Awinja alishika ukingo wa meza, akainuka. Alisogea hatua moja, akanyoosha mkono, akashika pazia la dirisha, akalitikisa. Kisha akarudi kuketi, macho kwenye simu.

Ilichukua muda, picha ikija nyuma ya sauti. Isaiah wa kwenye simu akafungua mdomo. Akaongea. Akainua fimbo yake na kuonyesha mbali na kaburi, na vichwa vyote vikageuka. Kamera ikavifuata. Ikapita jeneza lililoning'inia kwenye kamba, ikavuka uwanja wenye matope, ikafika kwenye nyumba ndogo ya nyuma na dirisha lake moja lililofungwa.

Pazia likatikisika.