Neno Moja na Nusu

Mume wangu Kandidi alikufa akiandika. Kwenye kompyuta yake kuukuu, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, aliacha neno moja na nusu: "Skola, usi". Miaka yote nimemwomba Mungu anijulishe alitaka kunikataza nini.

Televisheni yetu ya chogo ilipokufa, fundi Gervas alileta skrini mpya na adapta ya kuiunganisha na kompyuta ile.

"Bi Skola, sheria unaijua," alisema. "Skrini za siku hizi haziruhusiwi kuonyesha sentensi isiyokwisha. Itaimalizia yenyewe."

"Imemjulia wapi mume wangu?"

"Haimjui. Kila ukiiwasha itakisia upya."

"Basi ikisie. Mimi nimekisia hadi nimechoka."

Akaiwasha. Ikaandika: "Skola, usilie." Nikapiga magoti kumshukuru Mungu. Gervas akavua kofia.

Kesho yake, nilipotoka kwenye misa ya jioni, niliiwasha mwenyewe. "Skola, usichelewe." Nikacheka, maana ndivyo alivyoniambia kila nilipokwenda sokoni. Nikazoea kuiwasha kabla ya kusali, halafu badala ya kusali.

Leo imekawia. Herufi zimekuja moja moja, kama alivyokuwa akiandika kwa kidole kimoja.

"Skola, usiniamshe tena."

Nimeketi mbele yake, rozari imelala mapajani. Najua ninapaswa kumtii. Lakini kesho huenda ikasema neno jingine.