Mlango Haupendi Machozi

Kila anayetimiza miaka arobaini lazima achubuliwe ngozi ya uso, na mlango wa nyumba yake haumfungulii mpaka ngozi mpya ikomae. Walinieleza yote: uso utawaka, utavimba, utabambuka kama kiazi cha kuchemsha. Nikavumilia. Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kutoka.

Asubuhi mdogo wangu Mwanakheri akaja dirishani.

"Mama ametutoka, dada. Njoo umuage kabla hawajamtoa."

Nikalia. Machozi yakauchoma uso. Mlango ukanikagua, ukasema kwa upole, "Ngozi imechubuka tena. Subiri kesho. Tafadhali usilie."

"Jikaze, dada!" Mwanakheri akanisihi nyuma ya kioo.

Mchana jeneza likapita dirishani. Nikaugeukia mlango kwa macho makavu, nikautabasamia.

"Vizuri sana," ukasema. "Basi kesho tutaikagua tena ngozi."