Shada la Bwana Pettifer

Sahani ya Hansa ilirudi tena jikoni mwa shule kama ilivyotoka, nyama imeganda ndani ya mchuzi wake. Mtoto hakuigusa. Alikaa mbele yake, mikono mapajani, mpaka kengele ikalia, na macho hakumwinamishia mtu.

Kwao nyama hailiwi, tangu mababu. Walihama Mombasa wakaja London mwaka ule Wahindi wa Kenya walipokuwa wakimiminika, na shule waliyoipata katika mtaa wa Neasden ilikuwa na sheria ya Askofu.

Askofu mwenyewe alikufa zamani. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo enzi za Malkia Viktoria, na tumpe haki yake, alikuwa mtu wa maana. Aliwakuta watoto wa matajiri wakija na vikapu vya kuku wa kuchoma na watoto wa maskini wakiramba uji pembeni. Akapiga marufuku vikapu. Wote chungu kimoja, na yeye akala nao kila siku. Baadaye akapewa uaskofu, akaenda zake. Sheria ikabaki. Picha yake ikatundikwa katika ukumbi wa chakula, zikafuatia za walimu wakuu wote waliokuja nyuma yake. Ya mwisho ilikuwa ya Bwana Pettifer, mwalimu mkuu wa sasa.

Hansa alipozirai uwanjani kwa njaa, Pettifer aliwaita wazazi. Wazazi walikuwa kiwandani tangu alfajiri, basi akaenda bibi yake, Pushpa, mwanamke mfupi aliyevaa sweta la kiume juu ya sari. Kiingereza hakukijua. Kiswahili alikijua mpaka cha matusi, kwa hiyo akamchukua jirani yake Jokha, Mzanzibari aliyetangulia kufika, muuguzi, amtafsirie.

Pushpa aliomba jambo dogo tu: mtoto aje na chapati zake na dengu. Pettifer akajibu kwa upole, ule upole unaokera kuliko tusi. Chakula cha kutoka nyumbani hakiruhusiwi. Mtoto aanze kula kama wenzake kabla ya Siku ya Askofu, ile ya kumkumbuka kila mwaka, la sivyo atafutiwe shule nyingine. Na shule nyingine za mtaa ule zilikuwa zimekwisha kuwaambia kwamba hazina nafasi.

Jokha akajaribu kubembeleza. Pettifer akasimama, akasema neno moja, na Jokha akaligeuza kwa Kiswahili:

"Anasema sheria hii haibadiliki yeye akiwa hai."

Pushpa akamtaka arudie. Jokha akarudia.

"Haya," akasema Pushpa. "Mwambie nimesikia."

Jokha alitoka pale amefura. Alitaka waende kwa diwani, waende magazetini, waende popote. Pushpa akamwambia waende kwanza nyumbani wakanywe chai.

Ukutani sebuleni palikuwa na picha mbili. Ya marehemu mume wa Pushpa ilivishwa shada la maua ya karatasi, rangi ya machungwa. Ya mwanawe Kailash, baba yake Hansa, ilikuwa tupu. Chai ikiwa bado mezani, Hansa akapanda kiti, akalivua shada la babu ili baba yake naye apendeze. Pushpa alimrukia, akalipokonya, akamfinya sikio mpaka mtoto akalia. Jokha alimwambia amwache, mtoto mwenyewe mgonjwa, na hayo maua ni ya karatasi tu. Pushpa alipanda kiti mwenyewe. Alilirudisha shada mahali pake, kisha akakaa akilitazama kwa muda mrefu.

Kesho yake alianza kukata karatasi.

Jokha alipoambiwa kuwa mashada yale mawili ni ya Siku ya Askofu, moja la Askofu na moja la Pettifer, moyo ulimwuma. Mtu anamtesa mjukuu wako kwa njaa, nawe unampambia picha? Alimwambia waziwazi kwamba hata kujipendekeza kuna mpaka wake, na kwamba mtoto ana msimamo kuliko bibi yake.

"Wewe njoo tu," Pushpa akasema. "Nitahitaji ulimi wako."

Siku yenyewe ukumbi ulijaa wazazi, mapadri na wakubwa wa shule. Kila mwaka huwekwa ua moja chini ya picha ya Askofu, basi. Mwaka ule akainuka Pushpa na sari yake ya hariri, bila sweta. Akamvisha Askofu shada, akakutanisha viganja, akainama. Halafu akazipita picha zote za katikati mpaka ya mwisho, akaivisha shada la pili, kubwa kuliko la kwanza. Akainama kwa Pettifer zaidi ya alivyoinama kwa Askofu.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Pettifer alivua miwani akaifuta. Miaka yote aliyofundisha, alisema, hakuna mzazi aliyewahi kumheshimu namna ile, kumweka daraja moja na Askofu. Na alichotaka Askofu, alisema, ni watoto wote wakae meza moja. Basi Hansa atakaa meza hiyo, na atakula chakula cha kwao.

Hansa alikula chapati alizoletewa na bibi yake palepale, mbele ya watu, bila haraka.

Walipanda basi la kurudi. Walipopita kituo cha pili, Jokha akashindwa kuvumilia.

"Bi Pushpa, mimi nimekulia na Wahindi, ukuta kwa ukuta. Sijaona hata siku moja picha ikivishwa shada ila ya maiti."

Pushpa alivaa tena sweta lake, akafunga vifungo mpaka shingoni.

"Mwenyewe si alisema haibadiliki yeye akiwa hai?"