Dawa ya Limi

"Shikamoo, Baba Nassibu. Limi leo anatetemeka. Hata uji anatapika."

"Marahaba, Epifania," Akida mwenye duka alijibu, akaacha kupima chumvi.

Huyo Limi hakuna mtu mzima aliyewahi kumtia machoni. Epifania alisema rafiki yake anaishi kwenye mahame, kule ambako watu wote walihamishwa kwa nguvu mwaka wa operesheni ya vijiji kuja kijiji hiki kipya. Kila siku alimfichia nusu ya chakula chake. Mama yake alikuwa amemchapa mpaka akachoka.

Akida hakumcheka. Yeye mwenyewe, utotoni Pangani, alikuwa na rafiki wa kufikirika wa namna hiyo, hadi baba yake alipomfukuza rafiki huyo kwa bakora, na uchungu ule haujamtoka mpaka leo. Ndiyo maana gazeti likishuka na basi la Kahama, huanza na katuni: mtoto Mageni na tembo wake mdogo kama paka, ambaye wakubwa hawamwoni. Watoto hujazana dukani kumsikiliza akisoma, naye hucheka kuwashinda wote.

"Nije nimwone mgonjwa?" alimtania.

"Usije! Wakubwa wakijua aliko watamchukua."

"Kumbe kama tembo wa Mageni."

Epifania alifikiri kidogo. "Eeh. Kama tembo."

Wiki ile tembo alikuwa ameugua. Mageni akamnywesha dawa ya hewa, ya kujifanya tu, na kwenye picha ya mwisho tembo akaamka anacheza. Basi Akida akaupitisha mkono mbele ya chupa ya klorokwini, dawa ya malaria, bila kuigusa, akachukua gazeti, akaikata katuni ile, akatia sukari kidogo na kuikunja vizuri.

"Alambe asubuhi na jioni. Atainuka acheze."

"Kweli, Baba?"

"Haki ya Mungu."

Mtoto alitoka mbio kwa furaha, hata kuaga akasahau. Siku nzima Akida alijisikia mwepesi, roho imemsuuzika.

Jumamosi aliingia mwanamume asiyemjua, nywele timutimu, suruali imejaa miiba ya porini. Alitazama nyuma mara mbili kabla ya kusema.

"Nipe marekani nyeupe, ya sanda."

"Mita ngapi, ndugu yangu?"

Yule mtu alionyesha kwa mkono, usawa wa kiuno chake. Kisha akatoa mfukoni kipande cha gazeti, kimelambwa hadi wino umefutika, akakiweka juu ya kaunta kwa heshima.

"Na dawa hii niongezee," alisema. "Limi tulimchelewesha. Sasa mdogo wake naye ameanza kutetemeka."