Kidole cha Kulia

"Meza, Nana. Nesi anasema neva zako zimeishiwa nguvu, hiki kinazilisha," alisema Afriyie, mke wa mwanangu. Ilikuwa siku ya nane ya mtoto wake, siku ya kupewa jina, na wageni walishaketi uani.

Nilikitazama kidonge. Miezi mitatu nameza, na vidole vyangu vilivyokufa ganzi kwa ugonjwa wa sukari bado vilikuwa kama vya mtu mwingine. Nilishuku ananipa vidonge hivyo makusudi vinilegeze. Mama yake Afriyie alikuwa amekaa karibu na glasi ya maji, ameshanawa mikono, tayari kumwonjesha mjukuu maji na kumpa jina badala yangu.

"Ukishindwa, mama yupo," Afriyie alininong'oneza.

"Nilijua tu! Ndiyo maana amenawa?"

Mama yake akacheka. "Dada yangu, mimi nimenawa nile."

Nikameza, nikiwa nimemkazia macho. Kisha nikachovya kidole cha kulia kwenye glasi, maana cha kushoto kingekuwa tusi kwa mtoto. Sikuyahisi maji. Afriyie akaushika mkono wangu chini ya kitambaa cheupe, mtu asione, akauongoza taratibu mpaka kwenye ulimi wa mtoto.

"Ukisema maji, yawe maji," nikatamka, maneno ya kumfunza mtoto ukweli.

Mtoto akafumba mdomo, akavuta. Nikahisi kitu chembamba, kama uzi unaovutwa, kikipita kwenye ncha ya kidole changu. Akavuta tena.

"Nana, watu wanangoja jina," Afriyie akasema.

"Wangoje," nikasema. "Bado ananyonya."