Wajina Wangu

Sheria iko wazi: ukipata wajina, yaani mtoto aliyepewa jina lako, katika mji mdogo, huruhusiwi kuhama mpaka mtoto huyo awe mtu mzima. Niliisoma chuoni, nikaijibia mtihani, nikaisahau. Kwetu Tanga haituhusu.

Lupembwe nilikuja kusoma tu, nikajikuta nimeupenda mji wenyewe: ukungu wake, mapeasi yake, na Mama Tuntufye, mwenye nyumba wangu, aliyeniwekea jiko la mkaa mlangoni kila baridi ilipozidi. Kila familia ilipohama niliumia kama mzaliwa.

"Mama, huu mji usije ukafa," nilimwambia siku moja.

Alinitazama sana.

Binti yake alipojifungua, mtoto akaitwa Zuhena, jina langu. Nililia kwa furaha. Nilimnunulia kanga, nikambeba, nikapiga naye picha.

Leo, masomo yamekwisha, nimekwenda stendi. Geti likanisoma uso, halikufunguka. Nilipogeuka, Mama Tuntufye alikuwa ameshalishika begi langu.

"Twende nyumbani, mwanangu. Wajina wako analia."

Njiani tulikutana na jirani yetu, mjamzito wa kujifungua wakati wowote. Alinisalimia vizuri, kisha akaniuliza yule rafiki yangu mrefu, wa mwaka wa kwanza, anaitwa nani.

Nyuma yake mlango wa duka la mikate ulikuwa umepigiliwa mbao. Ningeweza kusema sijui.

"Kidawa," nikamwambia. "Anapenda sana watoto."