Kioo cha Juani

Kapteni Lusekelo alikuwa amekwisha kukataa vishikwambi viwili. Kila kimoja alikifunga pajani kwa ukanda wa mpira, kama afanyavyo akirusha ndege yake ndogo, akatoka nacho hadi nje ya duka na kukaa kitini, juani. Rubani hachagui kioo cha kusomea ramani akiwa kivulini.

"Vyote vinafifia," alisema. "Angani jua halina mwamvuli, mama."

Zulekha, mwenye duka, akamletea cha mwisho, kikubwa kuliko vyote, mwanga ameuongeza mpaka mwisho. Kapteni akakiinamia, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu.

"Hiki nacho hakionyeshi kitu."

"Hakionyeshi?" Zulekha aliinama begani kwake. "Mbona mimi naona mpaka majina? Huu hapa mto. Huu mlima, na urefu wake umeandikwa. Na hiki kiwanja kidogo, karibu na zahanati."

Huko ndiko alikotakiwa kutua kesho kumchukua mjamzito aliyezidiwa. Kapteni alitazama pale kidole kilipogusa. Aliona weupe tu, kama maziwa yaliyomwagika.

Ndege ikapita juu yao.

"Ile pale!" alisema Zulekha, akikinga macho kwa mkono.

Kapteni naye akakinga macho. Akainua uso kuufuata mlio, akaugeuza huku na huku, mpaka mlio ukapotea.

"Nachukua hiki," alisema, akikaza ukanda pajani. "Lakini nisomee tena, polepole. Anzia mtoni."